Kubomoa baraza kuukuu ya mbao na kujenga mpya, pamoja na ngazi zake

Kabla hujanunua hata msumari mmoja, chukua bisibisi na tochi uingie chini ya baraza. Juu kunadanganya. Mbao za kukanyagia hupasuka kwa jua na kugeuka rangi ya majivu, na mwenye nyumba akiziona hivyo hudhani kila kitu kimekwisha. Kumbe chini boriti, zile zinazobeba mbao za juu, ni nzima na kazi ni ya kubadilisha mbao za juu tu. Kinyume chake pia kipo, nacho ndicho cha hatari: baraza iliyopakwa rangi mpya ikapendeza, huku ubao unaoishikilia ukutani umelainika kama sabuni iliyolala majini.

Hatua ya 1: Kagua kwa bisibisi

Dunga bisibisi pale maji yanapopenda kukaa: nyuma ya ubao wa ukutani, juu ya boriti palipoingia misumari, kwenye vitako vya nguzo, kwenye mashina ya nguzo za kizuizi cha ukingoni, na kwenye miguu ya ngazi inapogusa ardhi. Mbao nzima hukataa. Ncha ikiingia kidogo ukaibinua, kitatoka kibanzi kirefu chenye nyuzi. Mbao iliyooza huipokea ncha bila ubishi, na ukiibinua hukatika vipande vifupi vinavyomeguka. Gonga pia kwa mpini wa nyundo. Sauti ya debe tupu ina maana mchwa wamekula ndani wakaacha ganda, na ukiona vijia vya udongo vimepanda kwenye nguzo, huhitaji hata kugonga.

Usisahau chuma. Msumari hufa shingoni, pale unapotoka kwenye ubao mmoja kuingia mwingine, mahali ambapo huoni. Ng'oa miwili au mitatu uitazame. Ikiwa shingo imekuwa nyembamba kama njiti, misumari mingine yote ina hali hiyohiyo.

Ukishamaliza, amua. Boriti na mihimili inayozibeba ikiwa mizima, badilisha mbao za juu, ngazi na kizuizi. Boriti mbili tatu zikiwa mbovu, unaweza kuzifungia mpya ubavuni. Ila ubao wa ukutani ukiwa umeoza, au nguzo zimeoza miguu, usijidanganye kwa viraka. Bomoa yote. Mwongozo huu ni wa hali hiyo ya mwisho.

Jambo moja litajirudia hadi mwisho, kwa hiyo nilitaje mapema. Mbao haiozi kwa uzee. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu hawawezi kuila, na ndiyo maana kuna mapaa yenye mbao za karne nyingi ambazo bado zinalia ukizigonga. Kwa kila kiungo utakachofunga, jiulize: tone la maji likiingia hapa litatokea wapi?

Hatua ya 2: Chora na uhesabu

Tuchukue baraza ya mita 4 kwa 3, ile ya mita 4 ikiwa upande wa ukuta, na sakafu yake ikiwa sm 102 kutoka ardhini. Nitaitumia hiyo hadi mwisho ili hesabu zisielee hewani.

Uliza kwanza habari ya kibali cha ujenzi mahali ulipo. Baraza iliyoinuka namna hii kwa kawaida inahitaji, na vipimo vya kanuni za kwenu vikipingana na vyangu, fuata vya kwenu. Uliza pia mabomba na nyaya zinapita wapi chini ya ardhi. Sururu haichagui.

Mbao za juu: tuseme ni za inchi mbili kwa sita, ambazo zikisharandwa hubaki kama sm 14 kwa upana na karibu sm 4 kwa unene. Ukiacha mwanya wa nusu sentimita, kila ubao unachukua sm 14.5. Mita 3 ukigawa kwa 14.5 unapata mbao 21 za mita 4. Ongeza moja ya kumi kwa ajili ya zile zilizopinda na zile utakazokata vibaya (utakata vibaya), zifike 23 au 24.

Boriti: zipange kila sm 40, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Mita 4 inatoa nafasi 10, kwa hiyo boriti 11. Kwa urefu wa mita 3 tumia mbao mbili kwa nane. Mbili kwa sita usiiachie zaidi ya mita 2 na nusu bila kitu cha kuiegemeza. Haitavunjika leo, ila itadunda ukitembea, na kitu kinachodunda hulegeza kila skrubu iliyokishika.

Kuhusu uzito: kanuni za Marekani huhesabu karibu kilo 195 za watu na vitu kwa kila mita ya mraba ya baraza. Yetu ina mita 12 za mraba, kwa hiyo ni zaidi ya tani 2. Weka picha hiyo kichwani siku utakaposhawishika kubana matumizi kwenye bolti.

Nunua mbao iliyotiwa dawa kwa shinikizo, na kwa nguzo zilizo karibu na ardhi chagua daraja la dawa linaloruhusu kugusana na udongo. Kisha kumbuka kwamba dawa nyingi za siku hizi zina shaba nyingi, na shaba hula chuma cha kawaida. Skrubu, bolti na vishikio viwe vya zinki nzito iliyochovywa kwa moto, au chuma kisichoshika kutu. Usichanganye hizo mbili kwenye kiungo kimoja, maana moja itaila nyingine. Zile skrubu nyeusi za kufungia dari zitoe kabisa kwenye kisanduku cha vifaa, usije ukazishika kwa haraka. Hukatika vichwa kama kiberiti.

Hatua ya 3: Bomoa kwa mpangilio

Zima umeme wa taa za baraza. Vaa viatu vyenye soli ngumu, glavu, miwani. Halafu, kabla ya kung'oa chochote, funga mlango unaotokea barazani na upigilie ubao kukatiza fremu yake kwa ndani. Watu hutoka kwa mazoea. Mtoto aliyezoea kukimbilia nje kila asubuhi hatakumbuka kwamba sakafu iling'olewa jana.

Anza na kizuizi, kisha mbao za juu, ukianzia ukingo wa mbali na kurudi ukutani. Misumari ikigoma, usipigane nayo: pitisha msumeno wa umeme kati ya boriti na boriti, mbao zitoke vipande vifupi vinavyobebeka. Weka kina cha msumeno kilingane na unene wa ubao ili usije ukakata kitu kilicho chini. Ngazi ziache mpaka karibu na mwisho kama bado zinabeba mtu. Utazihitaji kushushia vitu.

Kabla ya kugusa mhimili, tegemeza boriti kwa nguzo za muda. Baraza kuukuu husimama kwa kuegemeana, na ukitoa kipande kimoja hujui kipi kingine kilikuwa kikikitegemea. Shusha boriti moja moja, watu wawili. Ubao wa ukutani unatoka mwisho kabisa, na ukishatoka kagua ukuta nyuma yake. Kama maji yaliingia ndani ya ukuta, huo ndio ukarabati wa kwanza, baraza isubiri.

Kila ubao unaoanguka, ng'oa au kunja misumari yake papo hapo. Ukisema utafanya jioni, jioni utakuwa umeshaukanyaga.

Na usichome mbao hizo. Nyingi za zamani zilitiwa dawa ya kromiamu, shaba na aseniki, ijulikanayo kwa kifupi kama CCA. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao zenyewe bado zimesimama sehemu nyingi. Aseniki haiungui ikaisha. Hubaki kwenye moshi na kwenye majivu. Zisiwe kuni, zisikatwe vipande vya kuzungushia bustani ya mboga. Ukizikata, vaa barakoa na utandike turubai la kukusanya vumbi la msumeno.

Hatua ya 4: Misingi na nguzo

Piga vigingi, funga uzi, uupate mraba. Hapa vipimo vyetu vinatupa zawadi: upande wa 3 na upande wa 4 hutoa mshazari wa 5 kamili. Pima kutoka pembe moja hadi inayoielekea. Ikisoma mita 5 pande zote mbili, umepata. Ikisoma mita 5 na sm 2 upande mmoja, sogeza vigingi sasa, maana kosa hili halijirekebishi lenyewe. Litakufuata mpaka kwenye ubao wa mwisho, nao utalazimika kuupasua kwa mshazari ili uingie.

Mhimili mmoja utakaa mbele, karibu sm 40 ndani ya ukingo, ukibebwa na nguzo tatu. Chimba mashimo matatu yenye kipenyo cha sm 40, mpaka ufike udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbuliwa. Penye ardhi inayoganda kwa baridi, shimo lazima lipite chini ya kina cha kuganda, la sivyo barafu itainua msingi kila mwaka. Kwingineko, sm 60 katika udongo imara hutosha baraza kama hii. Penye udongo mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, muulize anayeujua udongo wa hapo.

Zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Mashimo yote matatu yatameza kama robo ya mita ya ujazo. Usilitie maji mengi eti lichanganyike kwa urahisi. Zege linalomiminika kama uji hukauka dhaifu. Malizia juu ya usawa wa ardhi kwa sm 10 hivi, na ulainishe kwa mwiko likiwa na mteremko kutoka katikati kwenda nje. Wakati bado ni bichi, zamisha bolti ya kushikia kitako cha chuma.

Nguzo isiingie ndani ya zege. Najua wengi hufanya hivyo, na nguzo husimama imara kweli, kwa muda. Zege hushika maji yakaizunguka mbao, na mbao hukatika pale pale kwenye usawa wa zege kama jino lililoliwa kwenye fizi. Tumia kitako cha chuma kinachoinua nguzo kama sm 2 na nusu, chini yake pawe wazi, upepo upite.

Zege likikaa juma moja unaweza kuanza kulibebesha. Nguvu yake kamili huja baada ya siku 28, ila kazi itakayofuata hapa juu ni nyepesi.

Hatua ya 5: Ubao wa ukutani

Baraza zinapoanguka na watu juu yake, mara nyingi zinaachia hapa. Fundi alipiga misumari mirefu, ubao ukakaza, ukaonekana haung'oki. Lakini msumari uliopigwa kuingia ukutani unavutwa kwenda nje kila mtu anapotembea barazani, na kitu unachokifanyia vile kila siku mwisho hutoka.

Pima kwanza usawa. Sakafu iliyokamilika ikae kama sm 3 chini ya kizingiti cha mlango ili maji ya mvua yasirudi ndani. Unene wa mbao za juu ni sm 4. Kwa hiyo ukingo wa juu wa ubao wa ukutani uwe sm 7 chini ya kizingiti. Piga mstari kwa pimamaji na uzi wa chaki.

Ukuta wa mbao: bolti za mm 12 zinazopita hadi ndani, zenye washa na nati, zimepangwa kwa kupishana, moja juu moja chini, ili zisipasue ubao kwenye mstari mmoja. Ukuta wa zege au tofali imara: bolti za kutanuka za ukubwa huo. Ukuta wenye tofali za urembo tu zilizosimama mbele ya ukuta halisi: usifunge kitu hapo. Tofali hizo zinajibeba zenyewe, basi.

Kisha maji. Juu ya ubao huu linaingia bati la kukinga maji lililokunjwa: upande mmoja unapanda ukutani nyuma ya kifuniko cha ukuta, upande wa pili unafunika ubao na kuning'inia kidogo mbele, kama kofia. Kifuniko kiwe juu ya bati, bati juu ya ubao. Kila cha juu kinakikabidhi cha chini maji, kama vigae vya paa. Silikoni peke yake si mbadala. Inaachia baada ya misimu michache, na ikiachia inageuka kuwa kikombe. Bati lisiwe la alumini tupu likigusa mbao yenye dawa ya shaba, litatoboka.

Ukiwa na shaka na ukuta wako, usiutegemee. Weka safu ya pili ya nguzo na mhimili karibu na nyumba, baraza isimame kwa miguu yake yenyewe ikiwa imeachana na ukuta kwa sentimita chache. Gharama inaongezeka kwa misingi mitatu. Utahitaji pia mbao za mshazari za digrii 45 kati ya nguzo na mhimili, kwa sababu baraza isiyoshikwa na nyumba huyumba. Mimi ningechagua njia hii hata penye ukuta mzuri, maana maji hayana tena kiungo cha kujifichia.

Hatua ya 6: Mhimili na boriti

Simamisha nguzo ndefu kuliko unavyohitaji, zishikilie kwa timazi, halafu vuta uzi ulionyooka kutoka ubao wa ukutani na uzikate zote kwa uzi huo. Usipime kutoka ardhini kila nguzo, ardhi haijanyooka.

Mhimili ni mbao mbili za mbili kwa kumi zilizounganishwa. Ukae juu ya vichwa vya nguzo. Ukiufunga ubavuni mwa nguzo, mzigo wote utaning'inia kwenye bolti.

Kila boriti ina mgongo. Ishike kama bunduki, funga jicho moja, uitazame kwa urefu: utaona imepinda kidogo kama upinde. Mgongo uende juu. Uzito wa sakafu utaunyoosha. Ukiuweka chini, baada ya mwaka utakuwa na bonde, na maji yatalijua kabla yako. Upande wa ukutani, boriti inakaa kwenye kishikio cha chuma, na kila tundu la kishikio linajazwa kwa msumari wake maalumu. Matundu yale hayakutobolewa kwa urembo.

Kila unapokata mbao umefungua mlango, kwani mara nyingi dawa haikufika katikati. Weka kopo la dawa ya kupaka na brashi karibu na msumeno, kata, paka, funga. Juu ya kila boriti bandika mkanda wa lami. Unagharimu kidogo na unaziba matundu ya skrubu ambayo baraza yako ya zamani ilianza kuozea.

Hatua ya 7: Mbao za juu

Hii ndiyo kazi inayokwenda mbio. Anza na ubao ulionyooka kuliko zote. Mbao zikiwa kavu, acha mwanya wa unene wa msumari mkubwa. Zikiwa bado zina maji ya dawa, zibananishe, zitasinyaa na kujiachia zenyewe. Skrubu mbili kwa kila boriti, sm 2 kutoka ukingoni, na karibu na ncha toboa kwanza ubao usije ukapasuka. Kichwa cha skrubu kiishie sawa na uso wa ubao. Ukikizamisha, umechimba kisima. Acha ncha za mbao zipite nje bila mpangilio, mwisho piga uzi wa chaki ukate zote kwa mara moja.

Hatua ya 8: Ngazi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Mguu wa binadamu hukariri. Ukipanda vidato viwili, mwili umeshajua kimo cha cha tatu, na kikitofautiana hata kwa sentimita moja utajikwaa bila kuelewa umejikwaa kwa nini. Kanuni nyingi haziruhusu tofauti ya zaidi ya karibu mm 10 kati ya kidato kirefu na kifupi katika ngazi moja.

Pima kimo chote kutoka uso wa sakafu ya baraza hadi mahali miguu ya ngazi itakapotua. Usipime chini ya ukingo wa baraza, kwa sababu ardhi ikiteremka, pale ngazi inapotua ni chini zaidi. Kwetu ni sm 102. Kimo cha kidato kinachopendeza ni kati ya 16 na 18. Gawa 102 kwa 17, unapata vimo 6 kamili. Kimo cha mwisho ni kupanda barazani kwenyewe, kwa hiyo makanyagio ni 5.

Kwa kina cha kanyagio kuna kanuni ya msanifu wa Kifaransa wa karne ya 17, François Blondel: vimo viwili ukijumlisha na kanyagio moja vilingane na hatua ya mtu anayetembea, yaani kama sm 60 hadi 64. Mara mbili ya 17 ni 34. Ongeza 29, unapata 63. Kanyagio letu ni sm 29, na ngazi itatokeza mbele kwa mara tano ya hizo, sm 145. Mshazari kutoka juu hadi chini ni kama sm 177, basi nunua mbao za mbili kwa kumi na mbili zenye urefu usiopungua mita 2.4. Kwa upana wa sm 90 unahitaji tatu: mbili pembeni, moja katikati.

Kwenye skwea, ile rula ya fundi yenye pembe mraba, funga vipande viwili vya mbao kwa kibano, kimoja kwenye 17, kingine kwenye 29. Sasa skwea itateleza kwenye ukingo wa ubao na kuchora kidato kilekile kila mara, hata mkono ukichoka. Chora vyote vitano.

Sasa lile kosa langu. Nilichora vimo vyote 17, nikakata, nikafunga, nikaweka mbao za kukanyagia. Mbao zile zina unene wa sm 4. Kidato cha kwanza kikawa 21, na cha mwisho, cha kupandia barazani, 13. Kwa macho huwezi kuona. Jirani yangu, fundi wa siku nyingi, alipanda mara moja, akasimama juu, akashuka tena taratibu. "Bwana, hii umekata mguu?" Sikumwelewa. Akaniambia nitoe sm 4 chini ya mbao zote tatu, unene uleule wa ubao wa kukanyagia, ngazi nzima ishuke. Nilipotoa, vimo vyote sita vikawa 17. Kwa hiyo kata mguu kabla ya kufunga: kimo cha chini kwenye ubao ulio mtupu kiwe 13.

Ukikata pembe za vidato, msumeno wa umeme usivuke mstari. Diski yake ni duara, na ukitaka ifike pembeni upande wa chini, upande wa juu itakuwa imeshapita na kuacha jeraha pale ambapo ubao umebaki mwembamba kuliko kote. Simamisha kabla, malizia kwa msumeno wa mkono. Baada ya kukata, ubao wetu unabakiwa na karibu sm 14 nyuma ya vidato. Ukibakiwa na chini ya 12 na nusu, mbao uliyonunua ni nyembamba. Kata mmoja kwanza, uujaribu mahali pake kwa pimamaji, ndipo uutumie kuchorea mingine. Paka dawa kila kovu.

Juu, funga kwa vishikio vya chuma. Misumari iliyopigwa kwenye ncha ya ubao haishiki kitu. Chini, miguu isimame juu ya zege lenye mteremko mdogo, kamwe si juu ya udongo. Makanyagio ni mbao mbili za sm 14 zenye mwanya wa nusu sentimita kati yake, zinakaa sawasawa bila kupasua hata moja. Lakini tazama uwazi unaobaki kati ya kidato na kidato: 17 ukitoa 4 ni sm 13, na kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kupita. Pigilia ukanda wa sm 5 nyuma ya kila uwazi, ubaki 8.

Hatua ya 9: Kizuizi na mkono wa ngazi

Baraza inayozidi sm 76 kutoka ardhini huhitaji kizuizi katika kanuni nyingi, na kimo chake hakipungui sm 91. Kwingine wanataka zaidi. Vijiti visimame kwa mianya isiyopitisha mpira wa sm 10. Visilazwe, vikilazwa vinakuwa ngazi, na watoto hawahitaji kufundishwa.

Nguzo za kizuizi zifungwe kwenye fremu kwa bolti mbili kila moja, na nyuma ya hapo weka vipande vya mbao kati ya boriti ili fremu isijipinde. Usichonge nguzo kuipunguza unene pale inapofungwa. Hapo ndipo itakapovunjikia. Jaribio ni rahisi: mtu mzima aegemee kwa uzito wake wote. Ikiyumba, rudi kwenye bolti.

Mkono wa ngazi uwe sm 86 hadi 96 juu ya ncha za vidato, na uwe mwembamba kiasi cha vidole kuuzunguka. Ubao mpana uliolazwa hauna maana kwa mtu anayeteleza.

Hatua ya 10: Mafuta, na ndoo ya maji

Mbao iliyotoka kwenye dawa ikiwa imelowa haipokei mafuta. Nyunyiza matone machache ya maji juu yake: yakikaa kama shanga, subiri majuma kadhaa, yakinywewa, paka. Pendelea mafuta yanayozama kuliko rangi inayofanya utando juu. Rangi hupasuka, maji huingia chini yake yakashindwa kutoka, na ikilowa huteleza. Rudia kila miaka miwili au mitatu, ukianza na ngazi.

Siku ya mwisho, kabla hujarudisha viti, mwaga ndoo ya maji pale mlangoni, kisha shuka upesi uingie chini na tochi. Tazama ukuta, tazama vishikio, tazama vitako vya nguzo. Maji yapite kwenye mianya na kudondoka moja kwa moja ardhini. Ukiona tone linatambaa nyuma ya ubao wa ukutani, fungua bati lile leo, kabla ya mvua.